Chupa Arobaini za Gharika

Wiki ile mvua ilinyesha bila haraka, mvua ya kukaa, isiyo na ngurumo wala upepo. Ndani ya maabara ya udongo mwanga wa madirishani uligeuka kijani, na watu wakawa wanatembea polepole bila kuambiwa. Jumanne asubuhi Mzee Futi aliingia na masanduku mawili ya mbao yaliyojaa chupa za kioo zenye midomo mipana. Aliyabeba mwenyewe, moja moja, kutoka getini, maana mlinzi alipotaka kumpokea alimkatalia katakata. Kila chupa ilikuwa na udongo mweusi. Kwa maelezo yake, na Mzee Futi hajawahi kutoa maelezo mafupi tangu azaliwe, ule ulikuwa udongo wa gharika.

Si gharika ya mtaani, ya kuziba mitaro na kuharibu magodoro. Alimaanisha gharika yenyewe, ile ya kale iliyoifunika dunia nzima, milima na kila kitu.

Aliyepokea masanduku alikuwa binti yake wa mwisho, fundi wa maabara ile, ambaye nyumbani hakuna aliyemwita kwa jina zaidi ya Kitinda, kwa kuwa alikuwa kitindamimba. Baba yake alimwita mama, kama akina baba wengi wanavyowaita mabinti wanaowapenda na kuwaogopa kidogo.

"Zihesabu mbele yangu, mama," alisema. "Yule jirani yetu Mwalimu asije akasema tumeongeza."

Kitinda alihesabu arobaini. Kila chupa ilibandikwa karatasi yenye namba ya kisima na kina chake kwa futi, kwa mwandiko wa baba yake wa enzi za nguvu zake. Alipofika katikati alisita. Baada ya kumi na sita ilikuja kumi na nane.

"Ya kumi na saba iko wapi, baba?"

"Hiyo niliikosea," alijibu Mzee Futi, akaanza kuutafuta mwavuli aliokuwa ameushika mkononi.

Mzee huyu alichimba visima kwa mikono yake miaka kumi na minne, kabla kampuni haijanunua mashine na kumpandisha cheo akawa wa kuiangalia tu ikifanya kazi yake. Alikuwa na desturi moja. Kila kisima kilipokaribia kutoa maji, alichota udongo wa mwisho, ule uliolala juu ya maji yenyewe, akautia kwenye chupa na kwenda nao nyumbani. Visima vilifika arobaini na kimoja. Mashine ilipokuja, desturi ilikufa, kwa sababu mashine haikupi udongo mkononi, inatema uji. Chupa zikakaa kwenye rafu ya sebuleni miaka na miaka, na hakuna aliyezigusa ila kwa kitambaa cha vumbi.

Kisha akastaafu. Mtu aliyezoea kushuka futi sitini ardhini, mwache aketi kwenye kochi, utaona atakavyonyauka. Mzee Futi alinyauka mwaka mzima. Alikuwa akiamka saa nne, anakunywa chai iliyopoa, anaitazama rafu. Siku moja, kwa kukosa la kufanya, alizifungua chupa zote akazimwaga kidogo kidogo juu ya gazeti. Udongo ulikuwa mmoja, weusi ule ule, ulaini ule ule, toka visima vilivyoachana mwendo wa siku mbili au tatu. Pale pale, akiwa na fulana yake ya ndani, akajua alichokuwa amekikusanya. Maji mamoja ndiyo yanayoweza kutandika tope moja kila mahali.

Tangu siku hiyo aliamka saa kumi na mbili. Alinunua daftari. Alinyoa ndevu. Na kila Ijumaa, kwa miaka kumi na miwili, alibishana na jirani yake, mwalimu mstaafu wa jiografia, ambaye aliipinga gharika ile kwa utulivu unaoudhi kuliko matusi.

Mzee Futi alileta hoja za konokono wa maji waliokutwa kilimani, na hoja za kwamba hakuna kabila lisilo na hadithi ya mafuriko makuu. Mwalimu alijibu kwamba kilima nacho kiliwahi kuwa chini, ardhi huinuka polepole kama unga uliotiwa hamira. Alisema kwamba watu wa kale waliishi kando ya mito, na mto ukifurika kila mtu aliona dunia imekwisha, kwa kuwa dunia yake ilikuwa ni mto ule. Aliuliza maji yote hayo yalikwenda wapi yalipokauka. Mzee Futi naye alimuuliza kwani yeye ndiye aliyeyatuma. Hapo chai ililetwa, na mambo yakasogezwa hadi Ijumaa ijayo.

Sasa maktaba ya mtaa ilikuwa imewapa ukumbi wake mdogo, Jumamosi saa kumi alasiri, wabishane mbele za watu kwa mara moja na ya mwisho. Kitinda angezipima chupa na kuyasoma matokeo. Wote wawili walimkubali, baba kwa sababu ni damu yake, Mwalimu kwa sababu alimfundisha na aliwahi kumnyima nusu alama bila yeye kulalamika. Na Kitinda alikuwa na hofu moja tu, wala hakujidanganya kuihusu. Chupa zikishindwa, baba yake atarudi kuamka saa nne.

Alianza kazi siku ile ile, wakati wa mapumziko ya mchana, wenzake walipokwenda kula. Alichota kijiko kimoja, akakikoroga kwenye maji, akachuja, akazungusha kwenye mashine mpaka kizito kikatengana na chepesi, kisha akatia tone juu ya kioo na kuliweka chini ya hadubini. Dunia ya tope ikafunguka. Chavua za manjano, vipande vya mkaa, magamba ya konokono membamba kuliko ukucha wa mtoto. Chupa ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Ya tatu, ya nne, ya tano, hivyo hivyo. Kitinda alijikuta anatabasamu peke yake. Alitamani sana, kuliko alivyodhani, baba yake awe sahihi.

Nje mvua iliendelea. Aliegemeza kichwa juu ya meza kidogo tu, akalala.

Aliota maji yanapanda sebuleni kwao. Yalipanda kwa adabu, bila kelele, yakavivua viatu miguuni mwa watu na kuvipanga ukutani. Yalipofika kwenye rafu, chupa zilielea, zikajipanga mstari, zikaanza kutoka mlangoni moja baada ya nyingine. Mama yake alisimama kizingitini, amekunja nguo mpaka magotini, anazihesabu kwa sauti ya chini kama mtu anayesali. Zote zilitoka isipokuwa moja, iliyobaki chini kabisa, sakafuni, nayo haikutaka kuelea. Kitinda alipoinama kuichukua aliamka, ana alama ya kalamu shavuni na mwenzake anamcheka.

Jumatano aliifikia chupa ya kumi na mbili, na tabasamu likamtoka. Kisima hicho kilichimbwa kwenye mchanga. Cha tisa kilikuwa kilimani, cha nne bondeni kabisa. Hata maji yanayofunika dunia nzima huchota uchafu wa kila mahali yanapopita, mchanga huku, kokoto kule. Tope la bondeni na la kilimani laweza kufanana kama ndugu. Haya yalifanana kama maji ya mtungi mmoja yaliyomiminwa kwenye vikombe tofauti. Kufanana kulikuwa kumezidi.

Kisha akaona ngozi ya mbegu ya nyanya. Halafu, pembeni ya kioo, chembe ya bluu.

Aliitazama muda mrefu. Haikuwa bluu ya jiwe lolote analolijua, na mawe ndiyo kazi yake. Alirudia chupa zilizotangulia kwa jicho jipya. Bluu ilikuwemo kwenye ya pili, ya tatu, ya saba, chembe mbili tatu, zinang'aa kwa utulivu. Na Kitinda alikuwa anaijua. Aliivaa miaka yote ya shule, shati jeupe lililosuuzwa kwa bluu ya kufulia mpaka weupe wake ukaumiza macho.

Ama watu wa kabla ya gharika walikuwa wakifua mashati ya shule na kukata nyanya, ama udongo ule ulitoka kwenye shimo la maji machafu nyuma ya jiko lao. Alizimaliza chupa zote arobaini, maana kazi ni kazi, lakini tayari alijua.

Alhamisi alasiri alimkuta mama yake barazani anakunja nguo ambazo hazijakauka vizuri. Mzee Futi alikuwa kwa kinyozi. Kitinda hakuzunguka. Alimwambia alichokiona, bluu, nyanya, chupa zote arobaini. Mama yake aliendelea kukunja shati mpaka likawa dogo kabisa, likakosa pa kukunjwa tena.

"Nilikuwa na mimba yako ya miezi minane," alisema. "Baba yako yuko kazini mbali, miezi mitatu. Zile chupa zilikuwa zimeota ukungu, nyumba nzima inanuka. Mimi nilidhani ni tope tu, mwanangu. Ni nani anayeweka tope sebuleni? Nikazimwaga mtaroni na mvua ikaondoka nalo, nikaziosha, nikazianika. Karatasi zake zikabaki zinaelea kwenye beseni. Ndipo nikaona mwandiko wake. Kisima namba hii, futi hizi. Kila moja ameandika na tarehe."

Alilikunjua tena lile shati.

"Nililia mpaka nikaogopa nitakuzaa pale pale. Nikazikausha zile karatasi juani, nikazibandika kwa gundi ya unga. Halafu nikachukua mwiko, nikaenda nyuma ya jiko."

Aliporudi mumewe hakuzigusa chupa. Mwaka ukapita, ikapita kumi, na siri ikazoea kukaa ndani ya nyumba. Alipozifungua siku ile, mwaka mmoja baada ya kustaafu, mama yake Kitinda alisimama mlangoni akiwa na sahani mkononi, anasubiri kuumbuliwa. Badala yake alimwona mumewe anainua uso uliojaa nuru na kumwambia kwamba dunia nzima iliwahi kuzama na yeye ndiye mwenye ushahidi. Angesema nini? Miaka kumi na miwili alikuwa akiwapikia chai yeye na Mwalimu, wanabishania tope la jiko lake.

"Na ya kumi na saba?" aliuliza Kitinda.

"Ile sikuifungua. Ilifungwa kitambaa cha shati la shemeji yangu, baba yako mdogo. Ningethubutu vipi kuifungua?"

Kitinda alimjua baba yake mdogo kwa sentensi moja tu, kwamba alifia kazini. Ukiuliza zaidi, Mzee Futi alikuwa anakumbuka shughuli nje. Sasa mama yake akamwambia lililobaki. Walikuwa wakichimba pamoja, mdogo chini na mkubwa juu kwenye kamba. Kisima cha kumi na saba kilikaribia maji, ndoo ikapanda imejaa, na kabla haijashuka tena ukuta ulibomoka.

Kitinda alimsihi mama yake waseme pamoja, usiku ule ule. Mama akakataa kusaidiwa. Alisema ni mwiko wake, atausema mwenyewe. Lakini Alhamisi ikapita. Ijumaa alifungua kinywa mara mbili mezani, mara ya kwanza akauliza kama chumvi imetosha, mara ya pili akauliza kama mvua itakatika. Mzee Futi alijibu kwamba gharika yenyewe haikukatika upesi, akacheka mwenyewe, na wanawake wawili wakatazama sahani zao.

Jumamosi saa nane Mzee Futi alitoka chumbani amevaa shati la mikono mirefu na tai aliyoivaa mara ya mwisho siku ya kustaafu. Chupa arobaini zilikuwa mezani, amezipangusa zote. Kitinda alikuwa na bahasha ya matokeo mapajani.

Mama yake aliketi mbele ya zile chupa. Aliyasema yote kama alivyoyasema Alhamisi, kwa maneno yale yale karibu, bila kulia na bila kuomba radhi mpaka mwisho. Alipotaja mwiko, Mzee Futi alivuta kiti akakaa. Alichukua chupa moja, akaigeuza kwenye mwanga, akairudisha mahali pake hasa.

Maji ya mvua yalitiririka kwenye dirisha, na mwanga wa kijani ukatembea juu ya vioo vyote arobaini. Kwa muda Kitinda alihisi ile ndoto imerudi, wamekaa watatu sakafuni mwa maji na hakuna anayehitaji kuvuta pumzi.

"Mbona hukuniambia?" Mzee Futi alimuuliza mkewe hatimaye.

"Ulikuwa umefurahi."

Alikasirika, na hilo lisifichwe. Aliinuka, akaenda hadi mlangoni, akarudi, akasema miaka kumi na miwili amekuwa kichekesho ndani ya nyumba yake. Kisha hasira ikamwishia katikati ya chumba, ghafla, na akasimama ananyoosha kidole kuelekea pengo kati ya chupa ya kumi na sita na ya kumi na nane.

"Ile nayo ulijaza?"

"Ile sikuigusa kabisa, baba watoto. Iko kama ulivyoileta."

Mzee Futi aliingia chumbani. Walisikia sanduku la vifaa likivutwa kutoka uvunguni. Alirudi na chupa iliyofungwa kitambaa kilichofifia, aliyoificha miaka kumi na miwili kwa sababu haikufanana na zingine. Aliwaeleza kwa sauti ndogo, kwa mara ya kwanza. Siku ile aliitia chupani ndoo ya mwisho ya mdogo wake. Lakini alipozifungua zote na kuona hii peke yake ni nyekundu yenye mchanga, akaamini kwamba mikono ilimtetemeka, akachota tu kutoka kwenye lundo lililorushwa na watu waliokuwa wanafukua. Aliamini amekuwa akiutunza udongo wa bure. Akaacha hata kuusalimia.

"Nitazamie, mama," alimwambia binti yake.

Kitinda alitoa lenzi yake ya mfukoni. Kitambaa kilifunguka kwa shida. Ndani kulikuwa na donge moja zima lililokatwa kwa sururu, lina ubavu ulionyooka. Aliligeuza mara kadhaa, kisha akainua kichwa.

"Hili halikutoka kwenye lundo, baba. Udongo wa lundo umevurugika. Hili lina matabaka yake. Chini kokoto, juu yake mchanga mnene, halafu mwembamba, halafu tope laini na konokono wa mtoni. Limekatwa ukutani, chini kabisa, na mtu anayejua kukata."

"Kwa hiyo ni la ndoo."

"Ni la ndoo."

Alilishika donge lile kwa mikono miwili na akalia, mzee mzima, na tai yake shingoni. Mkewe alisogeza kiti karibu lakini hakumgusa mpaka alipomwegemea mwenyewe.

"Hayo matabaka ni nini?" aliuliza baadaye, akijifuta kwa ncha ya tai.

Kitinda alimweleza kwamba ndivyo mafuriko yanavyoandika. Maji huja kwa nguvu na kubwaga mazito kwanza, kisha hutulia na kuangusha mepesi. Mahali pale, maelfu ya miaka iliyopita, mto ulifurika.

"Dunia nzima?"

"Mto mmoja, baba."

Saa kumi ukumbi wa maktaba ulikuwa na watu ishirini na watatu, wengi wamekimbia mvua. Mwalimu alikuwa ameshapanga karatasi zake kwa rangi. Mzee Futi aliingia bila masanduku, akaweka chupa moja mezani na kumwomba Kitinda ayasome matokeo kama yalivyo, bila kuruka bluu wala nyanya. Watu walicheka, naye akawaacha wacheke. Mama yake Kitinda alikaa mstari wa mbele, mkoba mapajani, uso juu.

Vicheko vilipokwisha, Mzee Futi alimgeukia rafiki yake.

"Mwalimu, umenifunga arobaini kwa moja. Nimekubali. Sasa naomba nikueleze hili moja langu."

Mwalimu alizitazama karatasi zake, akazikunja, akaketi.

Mzee Futi aliweka kiganja juu ya kifuniko cha chupa. Akasema kwamba udongo huu ulikatwa futi hamsini na mbili chini, asubuhi, na kijana wa miaka ishirini na mmoja aliyekuwa anapiga mluzi akiwa kisimani ili kaka yake aliye juu ajue yuko salama. Kisha akamtaja mdogo wake kwa jina, na Kitinda, aliyekuwa bado amesimama na bahasha yake, akalisikia kwa mara ya kwanza maishani mwake.